Kaye Yenye Milango Miwili

Pélagie alikuwa na ugonjwa ambao hauna kidonge katika kituo chochote cha afya. Kila hadithi aliyokuwa akiiandika ilipokaribia mwisho, hadithi nyingine ilikuja kubisha hodi. Haikuja mapema, wakati ana nafasi na hamu. Ilingoja mpaka watu wa hadithi ya kwanza wakae mkao wa kusubiri hukumu yao, ndipo iingie na kujifanya mwenyeji.

Kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, upande wa Juru, watu walimwita Mama Divine kwa jina la binti yake. Alikuwa mkulima wa maharagwe na mahindi, mzaliwa wa karibu na Uvira, aliyefika Uganda mwaka 2002 akimshika mtoto mkono, na cheti cha shule kilicholowa mvua mpaka wino ukahama. Kuandika hakufundishwa na mtu. Alianza kwa kuwaandikia majirani barua, kisha akaanza kuzitia chumvi, kisha wenye barua wakaja kulalamika kwamba ndugu zao wanajibu mambo ambayo wao hawakuyasema. Akaona afadhali atunge moja kwa moja, ajulikane.

Aliandika katika daftari za shule zenye jalada la bluu, ambazo yeye na Wakongo wenzake waliziita kaye. Kaye haziokotwi njiani, kwa hiyo alishika desturi aliyotoka nayo utotoni: masomo mbele, nyimbo nyuma. Shuleni kwao kila mtoto aliandika hesabu kuanzia jalada la mbele, na nyimbo kuanzia jalada la nyuma, kaye imegeuzwa juu chini, mpaka hesabu na nyimbo zikutane katikati. Pélagie alifanya hivyo hivyo. Hadithi iliyo kazini ilikaa mbele. Ngeni ikija, aligeuza kaye, akaiandikia mistari miwili mitatu ili inyamaze. Mgeni apite mlango wa nyuma, alisema, akae huko, asimsumbue mwenye nyumba.

Sasa wageni wake hawakuwa na adabu. Ukimpa mmoja mistari mitatu anataka ukurasa, ukimpa ukurasa anataka sura nzima, na mwenye nyumba anabaki ameshika tama. Mwaka 2013 Pélagie alikuwa na kaye tatu za namna hiyo, zote za bluu, zote na milango miwili, na ni yeye tu aliyejua nani anakaa wapi. Siku nyingine hata yeye hakujua.

Hadithi iliyokuwa mbele mwaka huo ilikuwa ya mwanamke aitwaye Sifa. Pélagie aliisoma kwa sauti pale bombani, asubuhi, maji yakiwa bado hayajafunguliwa. Bidoo za njano, yale madumu ya maji, zilipanga foleni kwa niaba ya wenyewe, na wenyewe walikaa pembeni wakimsikiliza. Sifa na mumewe walikimbia vita mwaka 1996. Walipofika mtoni, mume alisema, tangulia, nakuja, akarudi nyuma kuwatazama ng'ombe. Basi. Toka hapo Sifa anangoja.

Kila mwanamke pale bombani alijua hadithi hiyo imetoka wapi. Ilikuwa ya Nyirabizimana, Mama Gatete, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwa Pélagie. Mumewe, Mutabazi, alirudi kuwatazama ng'ombe mwaka 1996, akamwacha na Gatete wa miaka miwili mkononi na Vanessa tumboni. Pélagie hakuiiba hadithi hiyo. Alikwenda kwa mwenyewe, akakaa kwenye kiti kidogo, akaomba. Mama Gatete alikuwa akichambua maharagwe. Aliendelea kuchambua muda mrefu, kisha akasema:

"Andika. Lakini umalize. Usiniachie mutu katikati ya njia. Miye nimeachwa naye miaka mingi, nimechoka."

Pélagie akaahidi. Ni rahisi kuahidi mwisho wakati bado uko ukurasa wa kwanza.

Mwezi wa saba jina la Mama Gatete lilitoka kwenye ubao wa matangazo, lake na la watoto wake wawili. Wanakwenda Amerika. Wana wiki mbili. Jioni ile ile alifika kwa Pélagie, akasimama mlangoni, hakutaka hata kukaa.

"Mama Divine, ile hadisi ya Sifa imefika wapi?"

"Iko karibu, dada."

"Iko karibu toka Pasaka. Miye nakwenda fasi ya mbali. Nataka nipande ndege najua huyu mwanaume alifika wapi. Hata kama ni hadisi tu. Hakuna mutu mwingine atanimalizia."

Pélagie akasema atamaliza, akaketi kuandika, na kwa kweli alitaka kumaliza. Aliiweka kaye mezani, akaifungua mbele, akamkuta Sifa amekaa pale alipomwacha, na kalamu ikagoma. Akimrudisha mume, anamdanganya mwanamke anayevuka bahari. Akimwua, anamwua Mutabazi kwa kalamu ya biki, yeye ambaye hakumjua hata kwa picha. Alifuta mistari, akaandika, akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka.

Na kama ilivyo kawaida yake, mgeni akabisha.

Huyu alikuwa ameanza kubisha tangu mvua za mwezi wa nne. Alikuwa fundi miavuli. Alikaa karibu na daraja katika mji usiotajwa jina, akaunga mbavu za miavuli kwa waya, na hakuna aliyejua katokea wapi. Aliishi na mwanamke muuza makaa, mpole, asiyeuliza maswali. Na alilala na viatu miguuni, kamba zimefungwa kabisa, kila siku, hata kwenye usingizi wa mchana. Muuza makaa alikuwa ameshazoea matope kwenye shuka. Pélagie alimpenda fundi huyu kupita kiasi. Ukigeuza kaye upande wake, maneno yanakuja yenyewe, mtu hajui hata chakula kimeungua.

Zikapita siku tano hivyo. Asubuhi anaapa kwamba leo ni Sifa na Sifa peke yake. Mchana anajikuta kwa fundi miavuli. Akili zikaanza kumchanganyikia. Siku moja Divine, binti yake wa miaka kumi na minane, alichukua kaye kusoma akakunja uso.

"Mama, huyu Sifa anafagia nyumba ya nani?"

"Yake."

"Kuko makaa mlangoni. Sifa anauzaka makaa toka lini?"

Pélagie akamnyang'anya kaye. Ni kweli, Sifa alikuwa amevuka akaingia nyumba ya muuza makaa na kuanza kufagia, na aliyemwingiza ni yeye mwenyewe bila kujua. Alifuta makaa. Kichwa kilimuuma siku nzima, akawa anamwita Divine Sifa, na kuku akamwita Divine.

Siku ya tisa aliamua kukata shauri kwa nguvu. Akaandika mwisho, ukurasa mmoja tu, harakaharaka kama mtu anayemeza dawa chungu. Mchungaji mmoja anafika kambini, anamletea Sifa mkanda wa suruali wa mumewe, aliouona karibu na mto na kuutambua kwa kishikizo chake. Sifa anachimba shimo dogo nyuma ya nyumba na kuuzika mkanda. Anaimba wimbo mmoja. Imekwisha. Kwa kuwa mbele hapakuwa tena na nafasi, hadithi mbili zikiwa zimekutana katikati ya kaye na kubanana, aliandika ukurasa huo kwenye karatasi ya pekee, akaukunja na kuutia ndani ya kaye.

Hapo mtu mwenye akili angechukua kaye na karatasi yake, angevuka nyumba mbili na kumpa Mama Gatete. Lakini mlango wa nyuma wa kaye ile ulikuwa na fundi miavuli, bado hajamalizika, na Pélagie hakuwa tayari kumpeleka Amerika. Nasema wazi, hapo alikuwa mchoyo. Akaamua kwamba Mama Gatete anastahili kitabu cha mashine, kisafi, na kaye ibaki.

Akachukua kaye asubuhi na mapema, akaenda mjini Mbarara. Kule Kakoba kulikuwa na mwanamke aitwaye Mastulah, mwenye kompyuta na mashine ya fotokopi kwenye kibanda cha rangi ya kijani, mwenye ushungi na miwani, mpiga chapa wa barua za kuomba kazi na kadi za harusi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini kusoma alisoma bila shida.

"Nyabo, mimi chapa yote?" aliuliza, akimwita mama kwa lugha ya kule.

"Chapa hadisi yote. Unaanza mbele, unafika mpaka mwisho."

"Jumatatu kuja."

Jumatatu Pélagie alirudi. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya basi la wasafiri kwenda Kampala. Mastulah alikuwa ameshaitia kazi ndani ya bahasha ya kaki, ameibana kwa pini, ameifunga kwa gundi na kuigonga muhuri wa duka wenye namba ya simu. Pélagie alitaka kuifungua akaona haya kuharibu kazi nzuri namna ile. Alishukuru, akabeba kaye na bahasha, akarudi.

Jumanne pale Base Camp, penye ofisi za kambi, watu walikuwa wengi, wengine wanalia, wengine wanaimba za kanisani. Mama Gatete alivaa koti la kijivu lililogawiwa, kubwa kwake, akaonekana kama mtoto aliyevaa la mama yake. Pélagie alimtia bahasha mikononi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mungu akubariki. Miye sijui kusoma, Gatete atanisomea." Alimkumbatia kwa nguvu, akapanda. Basi likaondoka na vumbi lake.

Pélagie alifika nyumbani akiwa mwepesi kabisa. Ahadi imetimia, na sasa fundi miavuli ana nyumba peke yake. Akavuta kaye ya pili ili aangalie jambo moja aliloliandika zamani kuhusu madaraja, na alipoifungua, karatasi iliyokunjwa ikaanguka miguuni.

Aliitambua kabla hajaiokota. Mkanda wa suruali. Shimo dogo nyuma ya nyumba.

Akakaa chini. Kaye tatu, zote za bluu. Alikuwa ameutia mwisho wa Sifa ndani ya kaye isiyo ya Sifa. Kilichokwenda Mbarara hakikuwa na mwisho. Sasa katika ile bahasha nene, Mastulah alichapa nini? Aliomba simu ya Divine, akapiga namba aliyoikumbuka kwenye muhuri, akakosea mara mbili kabla hajampata.

"Mama Mastulah, ile hadisi yangu uliimaliza fasi gani?"

"Mimi nachapa yote, nyabo. Ya mbele naisha, nageuza, naenda na ya upande ule mpaka inaisha. Ile ya mwanaume analala na viatu. Tamu sana. Lakini si mwisho kabisa, wewe lazima uandike ingine."

"Juu ya nini uligeuza kaye?"

Mastulah alionekana kushangaa swali lenyewe. "Mimi nimesoma madrasa toka mtoto. Kitabu kufunguka upande ule, si kitu ya ajabu. Mimi naona tu, huyu mama anaandika pande zote mbili, kitabu ni moja. Mwanaume anapotea mtoni, halafu tunamkuta kwa daraja. Si ndiyo hivyo?"

Pélagie alikata simu. Si ndiyo hivyo? Alikuwa amewatenga watu wale wawili miezi yote, mmoja mlango wa mbele na mwingine wa nyuma, na mwanamke asiyewajua aliwakutanisha kwa kugeuza kaye tu.

Siku mbili alikaa hana mbele wala nyuma. Alipika akasahau chumvi. Alikwenda bombani na bidoo iliyojaa. Mama Gatete alikuwa Kampala, kwenye nyumba ya wasafiri, na ndege yao ilikuwa Ijumaa. Alhamisi mchana simu ililia, namba ya Gatete. Ilikuwa sauti ya mama yake, ndogo na ya karibu sana.

"Mama Divine. Gatete amenisomea mara mbili."

"Dada, sikiliza, kuko jambo..."

"Alilalaka na viatu."

Pélagie akaibana simu sikioni.

"Mutabazi. Toka tulisikia masasi ya kwanza ya vita, alilalaka na viatu, kamba zimefungwa. Nilikuwa namgombeza juu ya shuka. Sikuambiaka mutu hiyo, hata mama yangu. Weye nani alikuambia?"

Aliambiwa? Pélagie alipekua kichwa chake chote. Labda Mama Gatete aliwahi kulisema bombani, mwaka gani, kati ya maneno elfu, na yeye akalihifadhi bila kujua. Labda. Wakimbizi wengi wanalala na viatu. Lakini wakati huo huo jambo jingine lilimjia. Mwezi wa nne alipeleka maharagwe kwa masista wa Nyamitanga, kule Mbarara, akavuka daraja la mto Rwizi kwa mguu. Upande wa pili wa daraja, pembeni, mtu alikuwa amelala chini ya mwavuli mweusi uliotoboka, mchana kweupe, na miavuli mibovu imemzunguka. Miguuni alikuwa na viatu vilivyofungwa kamba hadi juu ya kifundo. Pélagie alisimama akamtazama. Maneno yakaanza kuja pale pale, na kwa kuogopa yasimtoroke alikimbia kutafuta ukuta wa kuegemea na kutoa kaye. Hakumwamsha. Hakumuuliza jina.

"Mama Divine, uko?" Mama Gatete alisema. "Nakuuliza. Ule muji wenye daraja ni gani? Uliona mutu? Kama uliona mutu unaniambia sasa. Gatete analia, anasema hatupandi. Hata miye nimefungua sanduku."

Hapo ndipo Pélagie alipoelewa uzito wa alichokishika. Miaka kumi na saba ya kungoja, watoto wawili, ndege ya kesho. Akitaja Mbarara, wale watu watatu watashuka, watarudi kutafuta fundi miavuli, na majina yao hayatatoka tena kwenye ubao. Na wakimkuta ni mtu mwingine? Na wasipotafuta, akiwa ndiye? Alitamani mtu amwambie. Hapakuwa na mtu, Divine mwenyewe alikuwa amekwenda shambani.

"Ni ya kutunga, dada," alisema. "Hizo ni hadisi mbili. Mwenye mashine alizichanganya. Ule muji hauko."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Mwisho wa Sifa ulibakia kwangu. Ngoja nikusomee."

Akachukua karatasi, akasoma. Alisoma habari za mchungaji, za kishikizo, za shimo na wimbo. Kila neno lilikuwa bovu mdomoni. Alipomaliza, upande wa pili alisikika mtu akivuta makamasi.

"Basi alikufa," Mama Gatete alisema.

"Katika hadisi, ndiyo."

"Sawa. Aksanti kunimalizia." Kisha akamwita Vanessa, akamwambia afunge sanduku.

Ijumaa walipanda. Jumamosi Pélagie alikwenda Mbarara bila maharagwe, bila kitu chochote cha kuuza. Alivuka daraja. Pale pembeni palikuwa na alama za miguu ya watu, mbavu mbili za mwavuli zilizopinda, na mzee Kizito, muuza karanga, ambaye alisema amekaa hapo tangu daraja likiwa jipya, uongo ambao Pélagie hakuwa na nguvu ya kuupinga.

"Fundi miavuli? Yule ameenda," alisema Kizito. "Mvua kuisha, yeye naye ameenda."

"Wapi?"

"Hakusema. Yeye hakuwa mutu ya maneno. Wa kwenu huko, Kongo. Unajua kwa vile anasema Kiswahili."

"Jina lake nani?"

Kizito alifikiri kwa dhati, karanga zimetulia mkononi. "Sisi tulimwita Fundi tu," alisema.

Pélagie alisimama pale mpaka jua likamchoma shingo. Wakongo wamejaa Uganda. Mafundi wamejaa. Hilo alijiambia njiani, na amejiambia mara nyingi tangu hapo, na hajawahi kulala nalo vizuri. Aliuliza kule Kakoba, aliuliza kule Ruharo, aliuliza kila mvua ilipoanza. Mama Gatete hupiga simu kila Krismasi, anazungumzia baridi na kazi ya kufungasha nyama ya kuku kiwandani, na kila mara anauliza kama kuna hadithi mpya. Mwaka jana aliolewa na mjane mmoja wa kanisani, na Pélagie alipiga vigelegele kwenye simu, akakata, akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Hadithi ya fundi miavuli haijakwisha. Iko mlango wa nyuma, pale ilipoachwa, na kati yake na ya Sifa hakuna hata mstari mmoja mweupe. Pélagie anaandika nyingine sasa, mwaka huu wa 2015, na wageni hawajaacha kuja. Wanawake pale bombani wanamcheka kwa tabia aliyoipata ukubwani. Akimwona mtu asiyemjua, anaweka kalamu sikioni, anamwendea, na kabla ya salamu anamuuliza jina lake nani, na jina la mke wake, na ni wa wapi, na anangojwa na nani.